Soksi za Majogoo

Fundi cherehani hakutambua alichokuwa akikishona. Kwa muda mrefu alidhani ni huruma.

Jirani yake, mchomeleaji wa mageti ambaye mtaa mzima ulimwita Pandikizi kwa ukubwa wa mwili wake, alimletea vipande vya ngozi laini na kumwomba amshonee vifuko vidogo, vinene kama kidole gumba, vyenye kamba ya kufungia.

"Vya nini hivi, shemeji?"

"Vya majogoo wangu. Wana miiba miguuni, wakigusana wanachubuana. Nawavisha."

"Unawavisha kuku soksi?"

"Sasa nifanyeje, shemeji, na mimi nina moyo?"

Fundi alicheka hadi akajichoma sindano. Akashona, na kila mteja aliyeingia kupimwa gauni alisimuliwa habari za jitu linalowavisha kuku soksi. Hakujiuliza kwa nini majogoo wale wagusane mara nyingi hivyo, wala kwa nini mfugaji yule hakuwa na tetea hata mmoja, wala yai.

Pengine hakujiuliza kwa sababu alikuwa na haja na mikono ya jitu hilo. Mumewe, mpima ardhi mstaafu, alipigwa na kiharusi kilichomwachia mkono mmoja wa kutegemewa na ulimi usiotii. Kila asubuhi, kabla hajawasha mtambo wake, Pandikizi aliingia chumbani, akamkumbatia mgonjwa kifuani na kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Jioni alirudi kumlaza.

"Haya kaka, leo safari ya wapi?" alizoea kusema. "Wewe shika usukani, mimi nasukuma."

Safari moja Pandikizi alipokuwa hayupo, mke alijaribu kumwinua peke yake. Wote wawili waliishia sakafuni, wakakaa hapo wakisubiri mtu awasikie. Na hospitalini alikwisha kuambiwa, bila kuzungushwa, kwamba mgongo wa mtu asiyeinuliwa huoza.

Basi siku moja mke alikuwa uani akianua nguo wakati jogoo mmoja aliporuka ukuta na kudondoka kando ya beseni. Hakuwika, wala hakukimbia. Kishungi chake kilikuwa kimekatwa hadi kwenye fuvu, na zile ndevu nyekundu za kidevuni hazikuwepo. Mapaja yalikuwa yamenyonyolewa, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Kifuani palikuwa na jeraha refu lililoshonwa kwa uzi wa rangi ya machungwa. Aliujua uzi ule. Ulibaki kwenye sare za kwaya, naye alimpa Pandikizi alipoomba kauzi ka kushonea turubai. Mguu mmoja wa jogoo ulikuwa bado umevaa soksi. Kwenye mguu wa pili, mwiba ulikuwa umekatwa kwa msumeno na kubaki kisiki.

Pandikizi aliingia kwa mlango wa nyuma akihema. Alimwinua jogoo kwa mikono miwili, akampuliza kichwani taratibu. "Mwanangu. Mwanangu wee."

"Nani kamfanya hivi?"

"Wanapigana wenyewe, shemeji. Ndiyo damu yao."

"Na vishungi wanakatana kwa mkasi?"

Akacheka kidogo. "Aa, leo shemeji kawa hakimu! Ngoja nikamsafishe huyu, jioni nije nimlaze kaka."

Halikuwa tishio. Lilikuwa neno la kila siku, nalo lilitosha. Alipoondoka, soksi ya yule jogoo ilikuwa imebaki chini, kando ya beseni.

Kesho yake aliipeleka kwenye ofisi ya mifugo. Afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaigeuza soksi ndani nje na kuuvuta mshono.

"Hizi huvishwa majogoo wa kupiganishwa, wakiwa mazoezini. Na hii imeshonwa na mtu anayeijua kazi yake. Unamfahamu fundi?"

"Hapana," alisema, na masikio yakamwaka moto.

"Nikuambie ukweli, dada. Tukija, tunakuja na polisi. Yeye anachukuliwa. Majogoo hawana pa kwenda. Ukiwaweka pamoja wanauana. Tunawachoma sindano ya kuwaua, basi."

"Wote?"

"Wote. Jina lako tutalificha, lakini mnatumia ukuta mmoja. Atajua. Nenda ukafikiri, kisha uje."

Mke akairudisha soksi mfukoni mwake.

Aliporudi jioni, Pandikizi alikuwa amekwisha kumlaza mumewe na kuondoka. Miguu ilimuuma, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Hakuwahi kukikalia. Ukiwa umesimama dirishani pale, unaona kichwa cha ukuta na bati la jirani, basi. Ukiwa umekaa, macho yanaangukia kwenye safu ya matofali ya matundu, na kupitia matundu hayo uani kwa jirani kote. Majogoo walikuwa wamefungwa miguu kwenye vigingi. Katikati palikuwa na duara la udongo uliokanyagwa, lenye madoa. Pandikizi alikuwa amechuchumaa humo, akimsukuma yule mwenye jicho moja dhidi ya mwenzake, anamvuta, anamsukuma tena, huku midomo yake ikisema neno ambalo mke alilifahamu bila kulisikia: mwanangu.

Ndipo akakumbuka pazia. Kila siku mumewe alilivuta kwa mkono wake mzima, na kila siku yeye alilifungua. "Jua ni dawa, mume wangu. Na wewe ona watu." Mwishowe mke alilifunga pembeni kwa utepe, akaupandisha utepe juu, asiufikie.

Aligeuka. Mumewe alikuwa akimtazama.

"Ulikuwa unaona?"

Kidole kikainuka. Hiyo ndiyo ilikuwa 'ndiyo' yao.

"Siku zote?"

Kidole.

"Nikamshitaki?"

Kidole kikainuka polepole, kikabaki juu.

"Na wewe atakuinua nani?"

Mkono wote ukazama kwenye shuka.

Asubuhi Pandikizi aliingia akinukia sabuni. "Haya kaka, leo safari ya wapi?" Alimkumbatia, akamvusha chumba, akainama amweke kitini.

"Si hapo," mke akasema. "Tukigeuze kiti. Atazame mlango."

"Kwani vipi, shemeji?"

"Jua linamuumiza."

Pandikizi alikuwa amekwisha kuinama, uso wake ukiwa usawa wa kiti, kichwa cha mgonjwa begani mwake. Akatazama alikotazama kiti: matundu ya ukuta, na ua wake mwenyewe.

"Sawa, shemeji," alisema, bila kugeuka.

Mke hakurudi ofisini. Wiki ileile matundu ya ukuta yalizibwa kwa saruji. Hashoni tena soksi, wala hajaombwa kuzishona. Pandikizi bado huja asubuhi na jioni, humnyanyua kaka yake kwa uangalifu uleule, na haulizi tena safari ya wapi.