Ukungu Kwenye Picha za Klaudia

Mtu aliyemkasirisha Klaudia kuliko wote mwaka ule alikuwa mzee aliyemheshimu, Ta Gozbert, mwenye studio ya picha mjini Bukoba. Nyuma ya studio hiyo kuna chumba cha giza cha kusafishia picha ambacho bado kinafanya kazi, na mzee alikuwa amemruhusu Klaudia, mpiga picha wa Kagondo, akitumie.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Ma Annastella wa Muleba, aliyekuwa anajiandaa kufungua mgahawa wa kahawa. Alitaka picha kubwa za wanawake wanaochambua emwani, punje za kahawa, uani kwake, na alitaka zisafishwe kwa njia iitwayo lithi. Kwa njia hiyo karatasi hupigwa mwanga mwingi kupita kawaida, kisha hulazwa kwenye dawa iliyozimuliwa sana. Picha hutokea polepole mpaka mtu akate tamaa, halafu weusi unakuja kwa kasi, na usipoinyanyua upesi, yote inazama. Ikikubali, weusi wake ni mkavu kama masizi na weupe wake una rangi ya chai ya maziwa.

Klaudia alikuwa hajawahi kuijaribu. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu wa kijivu juu ya vitambaa vya wale kina mama, mahali palipotakiwa kuwa peupe. Akapunguza mwanga wa mashine ya kukuzia, ukungu ukabaki. Akachanganya dawa mpya, akaipasha moto kidogo. Picha ilitokea haraka zaidi, na ukungu wake.

Ta Gozbert aliitazama mara moja tu, akasema tatizo ni mikono ya Klaudia, kwamba ana haraka na anachafua dawa. Klaudia aliposema labda ni taa nyekundu ya chumba kile, ile inayosemwa haidhuru karatasi, mzee alicheka. Taa ile, alisema, ilikuwa inawaka humo kabla Klaudia hajajua kushika kamera. Klaudia akanawa mikono, akaosha trei zote, akaanza upya.

Kisha Ma Annastella akapiga simu. Kwa upole kabisa alisema amesikia kutoka kwa Ta Gozbert kwamba kazi imemshinda Klaudia, na kwamba mzee amejitolea kuisafisha mwenyewe kwa njia ya kawaida.

Klaudia alikata simu. Kulaumiwa angevumilia. Lakini mzee kwenda kwa mteja wake kimyakimya, huku kila siku akimsalimia vizuri mlangoni, hilo hakulivumilia.

Alirudi kwenye chumba cha giza akafikiri. Alikwisha kubadilisha kila kitu isipokuwa taa. Na picha ya kawaida hukaa chini ya taa ile dakika chache tu, ila ya lithi hukaa muda mrefu. Akachukua karatasi tupu, akaweka sarafu juu yake, akaiacha chini ya taa kwa muda ule ule ambao picha zake zilikaa. Nyingine akaifunika gizani. Alipozisafisha, ile ya gizani ilitoka nyeupe. Ile ya sarafu ilikuwa na duara jeupe katikati, pale sarafu ilipozuia mwanga wa taa, na kijivu kote.

Aliipeleka mbichi, ikichuruzika maji, hadi kwa Ta Gozbert aliyekuwa anakata picha za pasipoti. Mzee aliweka mkasi chini, akaipokea.

"Ungeniambia taratibu, mwanangu," alisema.

"Wewe ulimwambia Ma Annastella taratibu?"

Klaudia akamwomba ampigie Ma Annastella pale pale. Mzee akapiga, akasalimia kwa Kihaya kirefu, akasema kulikuwa na shida ya taa.

"Mwambie taa ya nani," Klaudia alisema.

Mzee alimtazama, kisha akasema kwenye simu kwa sauti ya kubembeleza, "Taa yangu, waitu. Msichana hakuwa na kosa."

Msichana. Klaudia ana watoto wawili sekondari.

Siku iliyofuata aliigeuza taa ielekee ukutani, kwenye pembe ya mbali, akafanya kazi karibu kwa kupapasa. Ukungu uliisha, lakini shavu la mwanamke mmoja likatoka na vidoadoa vyeusi kama pilipili manga, kwa sababu dawa ilikuwa imechoka. Akaimwaga karibu yote, akachanganya mpya na kuitia kidogo tu ya ile ya zamani. Iliyofuata aliinyanyua weusi ulipofika kwenye macho, akaitupa kwenye dawa ya kusimamisha, na ikawa ndiyo yenyewe.

Ma Annastella alizitundika zote. Baadaye Ta Gozbert alituma mtu kuomba nakala moja aiweke dirishani mwa studio yake. Klaudia alijibu kwamba ataipata siku atakayomwomba radhi yeye mwenyewe, Ma Annastella akiwepo. Mpaka leo hajaomba, na Klaudia hajampa.