Jeraha Lisiloandikwa

Asubuhi hiyo Yaa Pokuaa hakunywa hata funda la maji. Alimeza matonge mawili ya kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachushwa, akajifunga vitambaa viwili ndani, akavaa gauni lake jeusi la msibani kwa kuwa jeusi halionyeshi doa. Kisha akaondoka na shemeji yake, Opoku, kwenda ofisi ya bima katikati ya Kumasi.

Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu lori lilipoacha njia na kumbana kwenye ukuta wa banda lake la ushonaji. Nyonga ilivunjika mara mbili. Dereva alikutwa na hatia, na sasa bima ya lori ndiyo iliyotakiwa kumlipa.

Waliambiwa wafike saa mbili. Saa sita walikuwa bado kwenye benchi. Mara mbili Yaa aliomba ufunguo wa choo.

"Choo ni cha wafanyakazi, mama," alijibu dada wa mapokezi bila kuinua macho.

Wakili wake, Bekoe, alifika akihema. "Leo watakuwekea karatasi mbele yako. Ukitia sahihi, basi. Hata mguu ukioza kesho, huna tena cha kudai. Tukikataa, ni mahakamani, miaka mitatu au minne. Kuna kitu hujaniambia?"

Yaa alimtupia jicho Opoku, akainama. "Hakuna."

Bwana Lartey, mkadiriaji wa madai, aliwakaribisha kwa upole, karani wake akiwa pembeni. Alisoma ripoti ya hospitali, akaifunga. "Nyonga imeunga. Mama anatembea, namshukuru Mungu. Tunakulipa sidi elfu tisa, tufunge faili."

"Elfu tisa?" Opoku aliguna. "Cherehani peke yake ilisagika!"

"Cherehani ni dai lingine, kaka."

Kalamu ikasogezwa. Yaa aliishika. Alifikiria kwaya aliyoiacha akisingizia kifua, na kitanda cha mumewe alichokihama akisingizia joto.

"Shemeji, toka nje kidogo."

"Kaka kanituma nisikie kila kitu."

Yaa akaiweka kalamu chini. "Mkojo unanitoka," alinong'ona.

"Sema kwa sauti, mama, karani aandike," alisema Lartey.

"Mkojo unanitoka! Tangu siku ile. Siwezi kuuzuia."

Opoku aligeukia dirishani. Karani aliacha kuandika. Wakili Bekoe alifumba macho, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta na sasa anaona aibu kukipata.

"Mbona humu hilo halimo?" Lartey alipekua ripoti. "Mwaka na zaidi, leo ndiyo unakumbuka?"

"Daktari alikuwa kijana, rika la mwanangu. Nilishindwa kumwambia."

"Mama, nisamehe. Maradhi ya namna hii mara nyingi huzaliwa ofisini kwa wakili."

"Chunga ulimi wako!" Bekoe alifoka.

Yaa aliinuka ili aondoke. Vitambaa vilikuwa vimelowa tangu kule kwenye benchi, na alipokaza miguu kusimama havikuweza kuzuia tena. Maji yalitiririka kwenye vifundo vya miguu, yakaingia ndani ya viatu, yakasambaa kwenye vigae vyeupe mpaka chini ya meza.

Karani alikimbia akarudi na tambara. Yaa aliinama kulipokea, kwa mazoea ya mwanamke ambaye amefuta sakafu maisha yake yote. Opoku akamwahi. Alipiga magoti, akafuta, uso wake ukiwa chini.

"Kaa, mke wa kaka," alisema. "Niachie mimi."

Kiti kilikuwa kimelowa. Yaa alibaki wima, mikono kaifumbata, akitamani sakafu impasukie aingie. Lartey alikuwa ameanza kuandika. Yaa hakuwa na shule kubwa, ila kusoma alijua. *Mdai anadai kwamba hawezi kuzuia haja ndogo.*

"Anadai?" aliuliza.

"Ndivyo tunavyoandika, mama. Utaleta cheti cha daktari bingwa, kwa gharama zako, ndipo tutalitazama upya."

Yaa aliichukua karatasi ya sidi elfu tisa, akaikunja mara mbili bila kuitia sahihi, akamrudishia.

"Umeona," alisema. "Andika kwamba umeona."

Bwana Lartey alivuta miguu yake nyuma, mbali na palipolowa.

"Mimi si daktari, mama."