Kaseti ya Mhunzi

Waraka ulifika Jumatatu, kurasa kumi na nne, ukitaja vipaumbele vya serikali: utambulisho wa taifa, utamaduni na mazingira. Mkurugenzi wetu, ambaye kisogoni tulimwita Namba Moja kwa jinsi alivyopenda kuongoza hata kwenye foleni ya chai, aliufupisha kwa amri mbili. Makabati ya kumbukumbu yapigwe lakiri, maana yale ni urithi. Na kila kitu cha plastiki kilicho nje ya makabati kikusanywe, kipimwe, kikasagwe, maana idara itakayotoa kilo nyingi itapongezwa na waziri mwenyewe.

Mimi ni mtunza sauti. Nina kaseti elfu tatu za watu wakieleza kazi za mikono yao, na wengi wao wameshazikwa.

Mama mmoja, mkunga mstaafu, alikuwa akija kila mwisho wa mwezi kusikiliza kaseti ya marehemu mumewe. Daftari letu linasema tu: mhunzi aeleza kuyeyusha chuma. Halisemi kwamba dakika ya kumi na moja, mhunzi anapofika kwenye mivukuto ya kupulizia moto, mtoto anacheka nyuma yake. Huyo ni binti yao. Alifariki mwaka uleule, hajatimiza miaka minne, na hawakubahatika kupata mwingine. Picha yake hata moja haipo.

"Huyu mzee naye kwa maneno!" mama alikuwa akitania kila mumewe anapoanza kueleza. "Mruke, twende kwa mwenzake." Kicheko kikishapita, alisema polepole, "Irudishe kidogo, mwanangu."

Kaseti ilikaa ghorofa ya juu, na ngazi zilimchosha. Mimi nami nilichukia kumwacha akisubiri huku natafuta mwenye ufunguo. Basi nikaitoa kabatini, nikaiweka kwenye droo ya meza yangu, iwe karibu. Huo ndio wema niliomtendea. Kuinakili kwenye kompyuta sikuinakili. Kila mara nilijiambia mwezi ujao, mwezi ujao.

Waraka ulipofika nilikuwa nyumbani siku tatu, namuuguza mke wangu. Niliporudi, droo zote zilikuwa wazi, zimefutwa vumbi. Rula, vifuniko vya kalamu, kaseti, vyote vimekwenda. Makabati yalikuwa na lakiri zake nyekundu, na kaseti nyingine zote zilikuwa humo, salama salimini.

Niliingia ofisini kwa Namba Moja bila kubisha hodi.

"Ilikuwa na maandishi juu! Jina, tarehe, kila kitu!"

"Ilikuwa kabatini?"

"Kwenye droo yangu."

"Basi ilikuwa plastiki," alisema, wala hakufoka. "Kama ni urithi, ulikuwa unaitolea nini?"

Nilitamani kumkaba koo. Haikuwa adabu iliyonizuia. Ni mkono wangu ulioitoa kabatini.

Nilikwenda mpaka kiwandani, plastiki inakosagwa. Msimamizi, mtu mpole, alinionyesha magunia ya chenga za rangi zote na kuniruhusu nitafute. Nilichambua mpaka vidole vikatoka damu, nikijua fika ni kazi bure.

Mwisho wa mwezi mama akaja. Nilimketisha, nikamweleza yote: droo, uvivu wangu, zile siku tatu nilizokosekana. Sikujificha nyuma ya waraka. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo haipo."

"Haipo, mama. Nisamehe. Lakini nimeisikiliza na wewe miaka sita, naijua neno kwa neno. Naweza kukusimulia yote, mpaka pale mtoto anapo..."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu.

"Usinifanyie hivyo, mwanangu. Ukicheka wewe, nitaanza kumsikia kwa sauti yako."

Machozi yalinitoka mbele yake, mtu mzima na kitambulisho changu cha kazi shingoni. Yeye hakulia. Alijiegemeza kwenye kiti, akafumba macho, nami sikuthubutu hata kujikohoza. Simu ya mezani ikaanza kulia.

"Izime hiyo," alisema. "Namsikiliza."

Nikachomoa waya, nikakaa naye mpaka alipoinuka mwenyewe.