Ramani ya Mama Lusubilo

Restuta, ambaye soko zima la Tunduma lilimwita Mama Lusubilo, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wauza mahindi, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta mtu wa kumfundisha namna ya kuongea na serikali. Kuongea na mteja alijua. Kuongea na askari alijua pia, kwa bahati mbaya. Lakini mwaka ule serikali ilikuwa imefunga mahindi yasitoke nje ya nchi, na ng'ambo pale Nakonde, upande wa Zambia, ambako ukimpungia mtu mkono anakuona, bei ilikuwa nzuri kuliko huku. Kina mama walitaka jambo dogo tu: kila mmoja aruhusiwe kuvusha gunia lake getini, mchana kweupe, bila kibali cha kufuatwa Dar es Salaam. Wakati wakisubiri kusikilizwa, walipita njia za panya kama kila mtu.

Alimwendea diwani, akaambiwa aandike barua. Akamwendea mwalimu mmoja mstaafu kule Isansa, naye akamwambia barua isiyo na ushahidi itaishia kufungia maandazi. Mwishowe alipata nafasi kwenye semina Vwawa, siku tatu za chai ya maziwa na vitumbua, akarudi na kijitabu cha zana za utetezi wa sera. Jamani, kile kijitabu! Alikwenda nacho hata ibadani, kimekaa juu ya Biblia, na aliyeuliza alielezwa na asiyeuliza alielezwa vilevile.

Kijitabu kilisema mtoa maamuzi hashawishiki kwa malalamiko, anashawishika kwa hali halisi. Chora ramani, kilisema, na utumie majina yanayotumiwa na wenyeji wenyewe. Restuta akatandika karatasi ya manila sakafuni, akapiga magoti, akachora. Sasa, vichochoro vya mpakani havina majina ya serikali. Kila kimoja huitwa kwa jina la mwenye ua kinapokatiza. Akaandika: Kwa Ambilikile. Kwa Mama Ruti. Kwa Marita. Huyu Marita alikuwa bibi mjane, mzee wa kanisa, na nyuma ya jiko lake kina mama walitua mizigo wakapewa maji ya kunywa. Restuta alitia nyekundu panapopita mahindi mengi, kijani panapopita machache, na pembeni akaandika ni saa ngapi watu hupita. Alijiona msomi kabisa.

Wilayani alipokelewa na afisa mmoja, Bwana Osea, aliyeinuka kitini kumpisha mama akae. Restuta hakuwa amewahi kuinukiwa na mtu wa ofisini. Afisa akaiinamia ile karatasi kwa muda.

"Mama, hii nyekundu ni nini?"

"Hapo ndipo wanapopita wengi, baba. Hasa alfajiri."

"Nimefanya kazi miaka mingi, sijaletewa ushahidi kamili namna hii. Unaweza kuniachia?"

Akamwachia. Na si kumwachia tu. Alimnyooshea na pembe zilizojikunja.

Wiki haikuisha. Askari walisimama Kwa Ambilikile, wakasimama Kwa Mama Ruti, na Kwa Marita walifika alfajiri, wakavunja ua, wakabeba magunia yaliyokuwa nyuma ya jiko na mwenye jiko pia. Bibi wa watu akalala mahabusu, sakafuni, na viungo vyake vile vibovu. Restuta aliletewa habari akiwa anaosha vyombo. Mikono ilibaki majini mpaka aliyeleta habari akaondoka, na aibu ikampanda. Wengine walilia siku ile. Yeye alishindwa, kwa kuwa aliona hana haki ya kulia.

Marita alipoachiwa, kikundi kilikutana uani kwa Restuta. Walifika wakiwa wameshajua nani kawauza. Happy, mwenzao mdogo kuliko wote, alikuwa ameolewa na askari. Ushahidi gani tena unatakiwa?

"Tumekula naye kumbe tunakula na nyoka," alisema mmoja.

"Atoke! Atoke kwenye kikundi, na sokoni asitusogelee."

Happy aliapa kwa jina la mwanawe, akaapa tena, sauti ikamkauka. Restuta alikuwa kimya kwenye kiti cha mwenyekiti. Ukweli ni kwamba kwa muda mfupi alifarijika. Alimwangalia yule binti akilia na moyo wake ukapumua, na kupumua kule ndiko kulikomwaibisha kuliko ile ramani yenyewe.

"Mwenyekiti, sema wewe," Marita alimgeukia. "Wewe ndiye unayejua kututetea."

Restuta akainuka. Aliyatazama miguuni pake matone ya maji yaliyodondoka kutoka kwenye kamba ya nguo, akasema: "Ni mimi. Niliwachorea wa wilayani njia zetu. Nilidhani wakiona tunavyoteseka watatuhurumia. Nikawaandikia na saa."

"Na kwangu?" Marita aliuliza. "Uliandika jina langu?"

"Niliandika, mama."

Bibi alijikongoja akasimama, akamfuata Happy alipokaa, akamshika mkono. "Mwanangu, tusamehe. Tumekutukana bure." Wengine nao wakasogea, mmojammoja, kumwomba Happy radhi, na Restuta hakujua kama na yeye asogee au abaki alipo. Akabaki alipo.

Walipokuwa wakijifunga khanga kuondoka, Marita alirudi hadi mbele yake. Hakuwa na hasira usoni, ingawa Restuta angeshukuru sana kuiona.

"Mama Lusubilo, najua ulitutakia mema," alisema kwa upole. "Lakini tafadhali, usitutetee tena."