Ndiyo ya Mama

Hasira zangu ziko karibu, sikatai, na mashine ile ilizimaliza zote ndani ya wiki mbili.

Nafundisha saikolojia katika chuo kimoja hapa Tabora. Mwaka huu niliacha kuwapima wanadamu nikaanza kuipima akili mnemba, ile programu ya kwenye simu inayojibu maswali kama mtu. Unaipa maswali yale yale wanayopewa watu, kisha unatazama tabia yake. Siku ya kwanza niliiuliza kama misafara ya zamani ya kwenda Ujiji ilipita Tabora. Ikasema ilipita, ikanimwagia na historia nzima. Nikaandika, "Mimi nadhani haikupita." Ikaniomba radhi! Ikasema nina hoja nzuri. Hoja gani, jamani? Babu wa babu yangu alibeba mizigo ya watu kwenye njia hiyo hiyo, akarudi na kovu begani.

"Unagombana na simu, mwalimu?" aliniuliza Ngassa, anayefundisha kompyuta chumba cha pili.

"Nagombana nayo, ndiyo. Ni mnafiki."

"Imezoezwa kumpendeza anayeuliza. Wewe usiiambie unachofikiri. Sema ni mambo ya jirani, uone."

Nilikuwa na insha yangu niliyoandika kwa ajili ya mkutano. Nilipoipa nikasema ni yangu, ikaisifu mpaka nikaona aibu. Nikafungua ukurasa mpya, nikaipa insha ile ile, nikasema ni ya jirani na sijui kama inafaa. Ikanionyesha makosa saba, na yote yalikuwa ya kweli. Nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikakatika, maana nilimkumbuka mama.

Mama yangu, Bernadeta, anaishi peke yake kijijini Ntalikwa tangu baba afariki, na mguu wake mmoja unamsumbua. Mwezi uliopita nilimwambia, "Mama, mimi naona bora uhamie kwangu Isevya. Si ndiyo?" Akasema, "Ndiyo, mwanangu." Nikafurahi kama mtoto. Shamba tukamwahidi binamu yangu Silasi, naye akapanga kuleta gari la kubeba vitu Jumamosi. Siku hiyo ya kicheko ilikuwa Alhamisi.

Mwanafunzi angeniletea swali kama lile nililomwuliza mama, ningemrudishia karatasi yake. Swali limekuja na jibu mkononi! Na sisi watu wa huku tunajulikana: ukimwuliza mtu habari za nyumbani, anasema nzuri kwanza, ndipo anakwambia kuna msiba. Mambo hayo nayafundisha darasani mwaka wa kumi na tisa huu. Nilijiona mjinga, tena mjinga mwenye shahada.

Ijumaa asubuhi nikaenda Ntalikwa. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe. Gunia zima lilikuwa mbele yake. Michembe ya gunia zima ni ya kula mwaka, nayo si kazi ya mtu anayehama kesho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za mjini?"

"Nzuri. Mguu unaendeleaje?"

"Mzuri tu."

Nikachukua kisu cha pili, nikakaa karibu naye. Nilikata viazi vitatu kwanza, maana nilikuwa naogopa kuanza.

"Mama, kuna mama mmoja kule Isikizya. Binti yake anataka kumhamishia mjini, naye amekubali. Wewe unaonaje?"

Hakuinua macho. "Ana shamba?"

"Analo."

"Mume wake kazikwa wapi?"

"Hapo hapo, nyuma ya nyumba."

"Basi hataki kuhama."

"Mbona amesema ndiyo?"

Akatupa kipande kwenye ungo, akachukua kiazi kingine. "Amemwonea huruma binti. Huyo binti mume wake kaondoka, nyumba ina vyumba vinne, na siku hizi akija kumsalimia mama yake anasimulia aliyoongea na simu. Simu! Mama akawaza, mimi mguu unauma lakini nina majirani, nina jumuiya yangu ya kanisani. Mwanangu ana nani? Acha niende nikakae naye."

Viazi vitamu havitoi mtu machozi kama vitunguu, kwa hiyo sikuwa na pa kusingizia. Nililia mbele yake, mwanamke wa miaka arobaini na sita, na kisu mkononi. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mama na adabu zake, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananiokoa mimi.

Nilipotulia nikampigia Silasi, nikamwambia gari lisije, mama hahami. Mama alisikia kila neno. Hakushukuru wala hakubisha, ila mabega yake yalishuka, nikajua alikuwa ameyabana mwezi mzima.

"Mguu unauma," akasema. "Usiku hasa. Jumatatu unipeleke hospitali."

"Nitakupeleka."

Tukakata viazi. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mkeka ndipo aliponiuliza tena, taratibu, kama anayeulizia mtu wa mbali.

"Na huyo binti, hajambo?"

"Hajambo," nikajibu upesi, kama nilivyolelewa.

Mama akaweka kisu chini. Akanitazama, akangoja.

"Hapana, mama," nikasema. "Hajambo yake ni ya mdomoni. Kila jioni anaogopa kufungua mlango wa nyumba yake."

Akausogeza ungo katikati yetu.

"Basi mwambie asirudi leo," akasema. "Alale hapa mpaka Jumatatu. Viazi bado vingi."