Sherifu Aliyejifungia Jela

Orville Tackett alikuwa sherifu wetu hapa Kaunti ya Brannock kwa vipindi vinne. Hakuna aliyemjua kwa kukamata wezi. Alijulikana kwa kupiga watu begani na kuuliza hali ya ng'ombe wao. Ukianza tu kulalamika, anakumbuka ana dharura.

Mwaka ule akapata mpinzani, Verna Stiltner, aliyekuwa naibu wake kabla hawajakosana. Verna alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Hata mlango wa jela haufungi. Sherifu wa nini huyo?"

Orville yakamchoma. Akaagiza milango mipya ya chuma, na Jumamosi akaalika watu wote waje jela kula kambare wa kukaanga na kujionea wenyewe. Akaingia seli ya kwanza, akaubamiza mlango.

"Haya, haufungi huo?"

Tukapiga makofi. Akapitisha mkono kwenye nondo, akazungusha ufunguo, ukakatikia ndani ya kitasa.

Fundi wa vitasa alikuwa msituni anawinda kulungu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo Bi Opal Skaggs, mjane wa kule bondeni, akavuta kiti akaketi mbele ya seli.

"Leo utanisikiliza. Mbwa wa jirani wamenimalizia kuku."

"Bi Opal, nina haraka kidogo..."

"Ya kwenda wapi?"

Orville akaketi kwenye kitanda cha seli. Akasikiliza. Nyuma ya Bi Opal ikajipanga foleni hadi nje: huyu na daraja bovu, yule na mkwe mlevi, mchungaji mwishoni kabisa. Orville akawa anauliza maswali, anatafuna samaki tunaompitishia. Jioni ilipoingia, watu walikuwa wanatoka wakinong'onezana, "Kumbe ni mtu wa maana!"

Verna akashtuka. "Mtoeni huyo! Kila anavyokaa humo anachukua kura zangu!"

Akakimbilia gereji ya kaka yake, akarudi na msumeno wa umeme, akakata kitasa mwenyewe, cheche zikiruka.

"Taratibu, Verna," Orville akamwambia kutoka ndani. "Mchungaji bado hajaongea."

Uchaguzi ulipofika Orville akashinda, kwa kura chache za kuokoteza. Kesho yake akamfuata Verna kwao.

"Rudi kazini. Siku ile ungeniacha mle seli, hadi leo nusu ya kaunti ingekuwa inanicheka."

"Nikirudi nitakugombea tena."

"Najua."

Verna akarudi, na uchaguzi uliofuata akamgaragaza vibaya. Orville akampongeza mbele ya watu huku anatabasamu, kisha akaingia kwenye gari na kulia kama mtoto. Mkewe Nadine ndiye aliyeendesha.

Wiki haikuisha, tukasikia anagombea usimamizi wa barabara. Tukamwendea Nadine: mama, huyu mzee mbona hapumziki?

"Mwacheni agombee," akasema. "Siku tatu tu kakaa nyumbani, na tayari anataka kunipangia sufuria zangu."