Mrudishe Tena

...na huyo anarudi tena, mume wangu, kinyumenyume, anashuka ngazi ya meli kisigino kwanza, mfuko begani, mpaka chini, mpaka hapa hapa gati la Lindi, na mama mkwe ananiminya mkono, "Umemwona, Esha? Karudi," nami nasema nimemwona, mama, niseme nini, ghala lote linatazama sinema, wale wale waliokuwa wakicheka makuli walipotembea nyumanyuma na magunia kuwarukia vichwani yenyewe, wakimpigia kelele Rafaeli mwenye mashine ya sinema, rudisha, rudisha nyuma, mpaka mama mkwe, Bi Mwahija, aliposimama kanga imemwanguka, "Hasani yule! Mwanangu yule!"... tangu hapo hacheki mtu, joto, madirisha yamezibwa kwa majamvi, mlango uko mbali, "Mrudishe tena, baba," na Rafaeli, "Mama, mkanda utakatika," "Mrudishe!"... anapanda, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, mbele yake, askari wa Keya nyuma yake, anageuka, anatafuta mtu kwa macho, nilikuwepo siku ile walipoondoka wakipigwa picha, nyuma ya wanawake, nimejitanda, sijui kama aliniona, sitajua... anashuka, ee Mola, mara hii abaki, abaki hapo chini, lakini Rafaeli kageuza na huyo anapanda... Tawakali aliyekuwa naye Burma alikuja nyumbani vita vilipokwisha, akakaa barazani, "Mama, mtumbwi ulipinduka mtoni, nilimshika shati, likanitoka mkononi," Bi Mwahija akamfukuza kwa mwiko, akaingia ndani akapakua wali wa Hasani, akaufunika kwa kawa, na kila jioni anaufunika, na asubuhi naula mimi, wa baridi, nimeshiba chakula cha mtu asiyekuja... anashuka, na sasa naona, mbona sikuona, anakuja kwetu kwa kisogo, uso uko kwenye meli, hata akigeuka si kwamba tumemwita, anageuka kwa kuwa siku ile aligeuka, basi, mtu aliyerudi hutua mzigo, huomba maji, huuliza hamjambo, huyu hatuulizi kitu, anavutwa tu, juu, chini, juu, hata maiti huachwa ilale, Hasani wangu, wewe hawakuachi... "Tena, baba"... shehe wa Mtanda alisema nikae eda, Tawakali ni shahidi, mama mkwe akasema eda ya nani, nami nimekaa nyumba ile si mke si mjane... anapanda, na mdomo wangu umeshafunguka, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti, na nyuma yangu mzee mmoja anaipokea, na mwingine, "Nani kafa?" anauliza mama mkwe, "Hasani, mama," "Kafa wapi, si huyo anashuka?" na kweli Rafaeli kageuza, anashuka, mkono wa mama hauniachi, nami nalia, Bi Mwahija anadhani ni furaha, ananifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, namwacha afute, ni kilio cha mjane hiki, nilikuwa sijaruhusiwa.